Mpaka wa Kijito

Mipaka yote ya mji ilikuwa kichwani mwa mzee Mugron, na hakuwahi kukosea hata hatua moja. Mfalme alipowapa watawa wageni ardhi ya kanisa, Mugron aliitwa mbele ya mfalme na majirani aitaje mipaka yake, watawa waiandike kwa Kilatini.

"Taja, mzee," akasema mtawa. "Tukishaandika utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Watu wakacheka. Mugron akataja kilima, akataja mwaloni. Kilichobaki ni kijito, na nyumba ya binti yake ilikuwa upande wa huku, ndani ya ardhi hiyo. Watawa wangemtoa.

"Mwisho ni ukuta wa bustani," akasema. Ukuta huo ulikuwa kabla ya kijito, na nyumba ikabaki nje.

Kalamu ya mtawa ikakwaruza ngozi ya kuandikia. Majirani walijua mpaka halisi ni kijito, lakini hakuna aliyekohoa. Mfalme peke yake aligeuka, akatazama upande wa kijito.