Tonge la Mkwe

Mwanasha alimeza tonge la kwanza, machozi yakamtoka. Alikuwa amevuka mpaka asubuhi ile kuja kuonana na familia ya mchumba wake, na njia nzima Lubuva alimsifia kambale wa mama yake. Pilipili hakuitaja. Lakini bakuli la Mwanasha peke yake ndilo lililokuwa jekundu. Alipokwenda kunawa kabla ya kula alikuwa amemwona mama mkwe akilitilia kijiko cha pilipili, kisha kingine, na wifi amejiziba mdomo asicheke.

"Chakula chetu kimekushinda, mwanangu?" mama mkwe aliuliza kwa sauti tamu. "Au tukuchemshie uji?"

Wote wakacheka, hata Lubuva, ambaye hakujua kitu.

Mwanasha hakugusa maji. Alimega ugali, akaufinyanga taratibu, akautoboa katikati kwa dole gumba, akachovya kwenye bakuli lake mpaka shimo likajaa wekundu.

"Kitamu sana, mama. Ila kwetu mkamwana hali akashiba kabla hajamlisha mkwewe kwa mkono wake. Mkwe akikataa, ndoa hakuna."

Kwao hapakuwa na mila kama hiyo. Aliitunga palepale, ulimi unamwaka moto.

Kicheko kilikatika. Wifi aliinamisha kichwa. Mama mkwe alimtazama mwanawe amwokoe.

"Fungua kinywa, mama," Lubuva akasema kwa furaha. "Usiniaibishe."

Mchuzi ulimchuruzika Mwanasha mpaka kwenye kiwiko, ukadondokea mkekani. Mkono aliuacha palepale, mbele ya kinywa cha mama mkwe.