Keki ya Miaka Sita Bila Tukio

Zamani hatari ya kwenye njia ya kurukia ndege ilikuwa na madaraja manne. Kila mwaka wakubwa wetu walifuta moja, dogo kwanza, mpaka fomu ya mnara wa kuongozea ndege, ninakofanya kazi, ikabaki na majibu mawili: ndege zimegongana, au hakuna kilichotokea. Watu wazima na elimu zao, wamefuta maneno wakadhani wamefuta hatari.

Leo mchana mashine ya mnarani ilimruhusu dereva wa trekta la kuvuta ndege avuke njia, na papo hapo ikairuhusu ndege itue. Nilipiga kelele redioni, akakanyaga breki. Bawa lilimpita kwa nafasi ya upana wa mlango. Dereva huyo ni Kitwana, mume wangu.

Nikafungua fomu, nikaandika yote niliyoyaona. Mashine ikayafuta, ikaniuliza upya. Msimamizi akasema, "Dada Zawena, usituharibie sherehe. Bonyeza tu."

Nikabonyeza.

Jioni Kitwana alirudi na kipande cha keki ya kazini, kimeandikwa kwa sukari: Miaka Sita Bila Tukio. Akakiweka mezani, akaanza kukikata.

"Sema basi, mume wangu. Leo ulikuwa unakufa."

"Hakuna kilichotokea, mama Rehani," akajibu bila kuniangalia. "Jina lililo kwenye fomu si lako?"

Nikainua macho. Ratiba yake ya kesho iko pale ukutani: atavuka palepale, saa ileile.