Mwenye Simu wa Kwanza

Latifa alikuwa kizingitini akimenya viazi simu ilipolia kwa tangazo jipya: rangi ya kuficha mvi. Jana lilikuwa la godoro la sita kwa sita. Juzi, la pete za ndoa. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na minane, hana mvi hata moja, analala kwenye kitanda cha kamba, na suala la pete alikwisha kulikataa mara mbili.

"Bwana wa watu anaoa kweli," alijisemea, akacheka.

Habari za huyo bwana alizijua sana. Simu aliinunua ya mtumba kwa Sharifu, fundi wa pale Lushoto mjini, na haikupita muda ikaanza kumletea mambo yasiyo yake. Akang'amua: mwenye simu wa kwanza aliiuza, lakini mambo yake yamebaki humo, kama harufu ya mtu inavyobaki kwenye koti. Kwa matangazo tu Latifa alimjenga mzima mzima. Mgane, mkewe alifariki zamani. Mtu wa Magoma, maana ramani haikuchoka kumwonyesha Latifa njia ya kushukia huko, naye hajawahi kukanyaga. Mcha Mungu pia, kwa jinsi mawaidha ya ndoa za utu uzima yalivyofuatana. Akampa jina: Bwana Mvi.

"Unacheka nini?" Bi Rehema, mama yake, aliuliza kutoka jikoni.

"Bwana Mvi, mama. Leo anatafuta rangi ya nywele."

Bi Rehema alifunika chungu. "Mambo ya mtu yaache," alisema, kisha akahamia Kishambaa na kuulizia kuni, kama afanyavyo akitaka mazungumzo yafe.

Bi Rehema na simu hawakuwa marafiki. Aliiita hilo dude, na hata kupokea alisubiri bintiye ambonyezee. Ila huruma nayo alikuwa nayo: kila Latifa aliposhuka bondeni kwenye kabichi, mama alimsihi aiache nyumbani isije ikaingia matope. Latifa akaiacha. Jioni akirudi anakuta chaji imekwisha, anailaani mitumba.

Aliyekataliwa mara mbili ni Hamza, muuza mbegu sokoni. Alituma wazee, Latifa akajibu kwamba hataki kuolewa. Akatuma tena, jibu likawa lile lile. Halikuwa la kweli. Latifa alimtaka Hamza kiasi kwamba akisikia jina lake, kisu kinasahau kiazi. Lakini baba alikwisha kufariki, kaka zake wamehamia Tanga, na nyumba yao iko peke yake juu ya mteremko. Mama akiugua huko, nani atasikia? Sababu hiyo hakumwambia mtu, na mama hasa hakumwambia, maana Bi Rehema angemfukuza siku hiyo hiyo akaolewe.

Sasa Hamza alikuwa amesema atatuma wazee Ijumaa, na kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Ndiyo maana tangazo lile, baada ya kumchekesha, lilimchoma. Mzee asiyemjua anajiandalia harusi yake kwa furaha, na yeye anaitazama kama anayechungulia dirisha la watu. Aliona wivu, kisha akaona aibu. Alimaliza viazi, akajitanda kanga, akaenda mjini.

"Sharifu, simu hukuifuta vizuri," alisema mara baada ya salamu. "Mambo yote ya mwenyewe yamo humu."

Sharifu aliweka bisibisi chini. Maneno hayo hayakumpendeza. "Niliifuta ikawa tupu kabisa. Akaunti tumekufungulia hapa hapa, kwa jina lako. Umesahau?"

"Basi huyu mzee wa Magoma ametoka wapi?"

Akamsimulia yote, godoro, pete, mpaka rangi ya nywele. Sharifu alisikiliza huku akitabasamu. Akamweleza kuwa kampuni za mtandaoni hutunza kila unachokitafuta, ndiyo maana matangazo yanajua mlango wa kugonga. Ila mwenye akaunti anaweza kufungua ghala hilo, akaona kilichomo na kukifuta. Akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza hapa na pale, akakunja uso.

"Huyu haandiki," alisema. "Anauliza kwa sauti. Na sauti zenyewe zimehifadhiwa."

"Zifute. Asije mtu mwingine akamchungulia kama mimi."

Kidole cha Sharifu kilikuwa kinashuka Latifa alipomshika mkono.

"Ngoja. Nisikie moja tu, halafu tumwachie mambo yake."

"Ya zamani au ya karibuni?"

"Ya karibuni. Nijue kama mchumba amempata."

Sharifu alisogeza kioo karibu na macho. "Mbona hii ni ya jana asubuhi?" alisema, na kidole kikawa kimekwisha kubonyeza.

Kwanza zilisikika kuni zikipasuka motoni. Kisha sauti ya Bi Rehema, kwa Kiswahili cha taratibu, kile cha kuongea na watu wa ofisini:

"Hujambo, mwanangu. Ni mimi tena. Samahani, nilikuwa nauliza: mjane akiolewa Magoma, binti yake aliyekataa kuolewa atabaki na nani?"