Uzi Mwekundu Chini ya Kwapa

Kocha alimwambia Plamedi avue jezi, na mama yake, aliyesimama kando ya kiwanja kule Kasapa, akajua kwamba wamekwisha kupatana na timu ya Kolwezi.

"Si kumuuzisha, mama," kocha alisema. "Tunabadirishana tu. Batu ba Kolwezi banapenda mguu wake wa kushoto, na siye tuko na lazima ya beki murefu. Lakini kama wee unakatala, hatutamupeleka."

Njia nzima kutoka nyumbani mama alikuwa akijizoeza neno moja: hapana.

Beki mrefu alikuwa ameshashuka kwenye gari la Kolwezi. Alisimama kifua wazi katika baridi ya Juni, maana kule kwao walibaki na jezi yake. Kocha akamrushia ile ya Plamedi, iliyokuwa bado na jasho.

Kijana akaivaa. Ikamkwama mabegani. Chini ya kwapa ukaonekana uzi mwekundu, ambao mama alishonea Jumapili kwa sababu mweupe ulikuwa umemwishia.

"Mama yako anajua kama uko huku?" mama akamuuliza.

"Anajua. Alilia, kisha akanifungia mikate."

Plamedi alikuwa akimtazama, mkono wake kwenye mlango wa gari. "Mama, nipande?"

Mama akageuka. Alimsogelea yule mwingine, akaivuta jezi taratibu mpaka ikamfunika tumbo.

"Uinue mukono pole pole," akamwambia. "Hapa panapasukaka."