Kata ya Kwanza

Pale kisimani hakuna aliyechota kabla Bi Kidawa, mtunza kisima, hajaonja kata ya kwanza. Asubuhi hiyo Zawena wa kidato cha pili, kiongozi wa klabu ya sayansi, alimzuia.

"Shikamoo, bibi. Chungulia hapa kwanza." Alidondosha tone kwenye hadubini aliyoiunda kwa lenzi ya simu mbovu.

"Marahaba. Miaka hamsini naonja, leo unifundishe maji?"

Wanawake wakacheka. Bi Kidawa akafumba jicho moja, akachungulia.

"Uwii! Wana mikia!"

Kicheko kikakatika. Kando, wenzake Zawena walishawasha moto, sufuria tupu juu ya mafiga.

Bi Kidawa akaimimina kata yake sufuriani.

"Haya, mjukuu wangu. Nitaonja yakichemka yakapoa."

Akaketi, kata mkononi. Foleni nzima ikaketi naye.