Kiko Juu ya Kaburi

Asio alikuwa amekaa kando ya kaburi la watu, anavuta tumbaku ya marehemu, aliposikia pikipiki ikikata kona kuingia hapo kwa jirani yao, mzee Othieno.

Jumapili saa nne asubuhi hapa Merikit huwa hakuna pikipiki. Watu wako kanisani. Mwanawe Ekaju na mkewe wako kwenye maombi, Othieno yuko misani, na ndiyo maana Asio huchagua saa hiyo kupenya kwenye pengo la ua. Alimwaga jivu haraka, akapangusa kichwa cha udongo cha kile kiko, akarudi kwao ameinama. Mwizi mwenye mvi, alijisemea.

Mwaka jana alikuwa na kiko chake mwenyewe, kiko cha maji chenye kibuyu, alichotoka nacho Busia ya Kenya baada ya mumewe kufa na Ekaju kumleta akae naye. Ekaju ameokoka. Mkewe ameokoka zaidi. Wiki ya pili tu, kiko kilitupwa chooni. Asio alipiga kelele siku hiyo mpaka majirani wakatoka nje, kisha akanyamaza, na tangu hapo hakuwa na wa kuongea naye. Majirani wanaongea Kidhopadhola, yeye ni Mteso. Wajukuu wana simu zao. Zilipita siku nzima bila mtu kumwita jina, na upweke ule ulimuuma kuliko hata kufiwa.

Siku chache baada ya kelele zile Othieno, ambaye naye alikuwa amefiwa na mkewe Awor, alisimama uani na Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama Ekaju, Sande mi nakwenda kanisa. Nawekea bibi yangu tumbaku pale kaburi. Ukiona, usiogope."

Asio hakuogopa. Alitamani. Jumapili ile ile alipenya, akakuta kiko cha maji, mkebe wa tumbaku, na kaa la moto limefukiwa kwenye jivu ndani ya kigae. Mume wa kumkumbuka mkewe mpaka moto hapatikani siku hizi, alifikiri. Kichwa cha udongo kilikuwa kipya, chekundu, hakijaonja moshi. Bila shaka kile cha zamani kilizikwa pamoja na mwenyewe.

Lakini tumbaku yenyewe, jamani! Ilikuwa Januari, upepo mkavu, nayo ilivunjika vidoleni ikawa vumbi. Masikini mzee hakujua kutunza. Asio alikata kipande cha mgomba, akakibana chini ya kifuniko cha mkebe ili kiipe unyevu bila kuigusa. Jumapili iliyofuata tumbaku ilikuwa laini, na kipande kilikuwa kibichi. Mtu alikuwa amekibadilisha.

Kichwa nacho kilikuwa kinanuka sabuni. Udongo hunywa sabuni, halafu unamrudishia mvutaji kooni. Asio akaacha pale mchanga laini wa kusugulia na kitambaa. Sabuni haikunuka tena. Aprili mvua zilipoanza aliutoa mgomba, akaitandaza tumbaku kwenye kifuniko ipigwe na jua kabla ya kuota ukungu. Wiki iliyofuata alikuta ungo unamngoja, na kando ya ungo kigoda.

Hata kigoda hakikumshangaza. Marehemu naye huchoka kusimama.

Wakikutana kwenye pampu ya maji, yeye na Othieno walisalimiana tu. "Habari ya nyumbani?" "Nyumbani iko." Basi. Asio aliishi siku sita za wiki akiingoja ya saba.

Ile pikipiki ilikuwa imemleta Sandra, binti wa Othieno anayefanya kazi Tororo mjini. Baada ya chakula cha mchana alikuja kwa Ekaju kusalimia, akaketi karibu na Asio, uso umemshuka.

"Mama, moyo wa mzee ni mgonjwa. Daktari anataka kumuona, na mimi nina chumba. Amekataa kwenda. Anasema akiondoka, nani ataweka tumbaku kaburini? Anasema kila wiki inavutwa." Sandra alijifuta macho. "Naona akili yake imeanza kumtoka."

Asio alipima maneno yale. Akinyamaza, mzee wa watu angebaki pale akimngoja mzimu, mpaka moyo usimame. Akisema, angebaki na aibu, na Jumapili ingekuwa siku kama nyingine. Alijishika magoti akainuka. Safari hii hakupita kwenye pengo. Alizunguka na Sandra kwa njia ya mbele.

Othieno alikuwa barazani, anasugua kichwa cha kiko kwa mchanga, polepole, kama inavyotakiwa.

"Mzee, nisamehe," Asio alisema akiwa amesimama. "Mke wako hajarudi. Ni mimi. Tumbaku ya marehemu nimeivuta mimi, tangu Januari. Usimngoje tena. Nenda na mtoto wako ukatibiwe."

Othieno hakuinua macho. Mkono wake tu ndio ulioacha kusugua.

Sandra alimtazama Asio, akamtazama baba yake, akakitazama kile kiko.

"Mama hakuvuta tumbaku hata siku moja," alisema taratibu. "Alikuwa na pumu. Hapa kwetu hata mgeni alikuwa anavutia barabarani."

 Othieno alipuliza mchanga uliobaki kwenye kichwa cha kiko, akakipangusa kwa kitambaa, kisha akakisogeza kigoda upande wa Asio kwa mguu.

"Kwa daktari, kesho nakwenda," alisema. "Lakini Sande narudi, na mvua iko. Tutaweka hapa baraza. We pita kwa mlango."