Mlango wa Kidawa

Siku hizi hodi hujibiwa na mlango wenyewe, kwa sauti ya mwenye nyumba. Kidawa, fundi wa milango hiyo, aliuandikia mlango wake jibu la kumpa mama mkwe siku waliyogombana. Leo alitaka kulifuta, likagoma: hasira zilimsahaulisha kulipatia jina, na jibu lisilo na jina halifutiki. Akaongeza la pili, akidhani litalifunika la kwanza.

"Hodi!" mama mkwe akaita.

"Rudi ulikotoka, mchawi weye!" mlango ukajibu. "Karibu mama, karibu ndani."

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akavua viatu taratibu, akaketi.

"Ahsante, mwanangu. Siondoki mpaka lile la kwanza uliseme kwa mdomo wako."